Sura ya Saba: Karatasi ya Whitehall

Komeo lilikuwa jipya. Mlango wa nyuma wa lori ulikuwa mkuukuu, umeliwa na kutu mpaka bawabani, lakini komeo lake liling'aa kama jino la dhahabu kwenye kinywa cha mlevi.

Theodosia Aganze alilipiga picha. Akapiga picha matundu mawili ya zamani yaliyokuwa juu yake, pale komeo la kwanza lilipong'olewa. Pembeni mwa matundu, rangi ilikwanguliwa kwa mistari myembamba ya mviringo, kama shingo ya mbuzi iliyokaa na kamba muda mrefu. Akaipiga picha na hiyo.

"Madam, hiyo gari ina mwenyewe."

Shem alikuwa anakuja na kikombe cha kahawa. Alikuwa Mkenya, alikuja Louisville kusoma, akaishia kumiliki malori mawili na uwanja huu mdogo nyuma ya maduka ya Highview. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi.

"Komeo hili limewekwa lini?"

"Sisi hufanya service kila mara."

"Sikuuliza kila mara. Nimeuliza lini."

"Unaongea kama polisi na wewe si polisi."

"Ndiyo maana bado nakuuliza kwa upole."

Upole wenyewe ulikuwa unakwisha. Siku kumi na mbili zilizopita, lori hili lilitoka Louisville na mbuzi kumi na wanane wa harusi ya watu wa Buffalo. Liliposimama Columbus, kwenye mtaa wa Whitehall, mbuzi mmoja alikutwa amekufa kwa kulaliwa na wenzake. Ikasemwa mtu apande nyuma akae nao. Akapanda Aksanti, kijana Mkongomani kama Theodosia, wa miaka ishirini na mmoja, aliyekuwa anakwenda kumwona mama yake huko huko Buffalo. Karibu na Erie mlango ulifunguka, gari likiwa mwendo mkali, na Aksanti akaanguka barabarani pamoja na mbuzi watatu. Mpaka leo alikuwa hospitalini Buffalo, mpira kooni, hasemi. Na leo saa kumi na mbili jioni mama yake, Charlotte, angeweka saini kwenye karatasi inayosema kwamba mwanawe alijifungulia mlango mwenyewe.

Alikuwa amekubali kusaini kwa sababu ya karatasi nyingine. Hiyo ndiyo Theodosia aliyoifuata Louisville.

"Nionyeshe aliyosaini kijana," alisema.

Shem aliitoa ofisini, imewekwa kwenye plastiki kama cheti cha ndoa. "Soma. Kizungu unakijua?"

"Nakijua kuliko unavyojua makomeo."

Ulikuwa ukurasa mmoja. Jina kamili la Aksanti. Anwani ya Whitehall, Ohio. Tarehe ya kuzaliwa, 01/01/2003. Kisanduku kilichosema leseni imeonekana kilikuwa kimewekewa alama. Chini yake maneno: ninasafiri na mifugo kwa hiari yangu, na lolote litakalonipata mimi au mifugo si juu ya mwenye gari, hata kama kosa ni lake. Halafu saini, na tarehe ya ile Jumamosi ya safari, saa tano asubuhi.

Theodosia aliisoma mara tatu. Akatoa kwenye mkoba nakala ya saini ya Aksanti, aliyoipata kwenye ghala alikofanya kazi kijana, akaziweka saini mbili ubavu kwa ubavu. Herufi ya kwanza ilikuwa na mkia ule ule. Alitafuta kosa kwenye jina, kwenye anwani, kwenye saa. Hakuliona. Akaomba nakala, na Shem akamtolea kwa tabasamu.

"Nani alimpa asaini?"

"Imeletwa."

"Na nani?"

"Karatasi ni karatasi, madam. Mtu mzima amesaini, maneno yameisha. Jumamosi hii gari inaenda Buffalo tena."

"Na mtu nyuma?"

"Mbuzi wakikosa mtu wanalaliana. Lazima mtu."

"Umempata nani?"

Shem alikunywa kahawa. "Watu wenu hawakosi."

Theodosia aliupiga mlango wa lori kwa kiganja. Bati lililia uwanja mzima, na kahawa ya Shem ikaruka ikatua kwenye shati lake jeupe.

"Hilo neno," alisema Theodosia, "nitalirudia mbele ya jaji kama ulivyolisema."

Alipofika kwenye gari lake alimkuta Zenoni, dereva wa lile lori, ameinama upande wa pili kama mtu anayefunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

"Yaya, dada yangu, weye njo unafanyaka kazi na ule avocat wa Columbus?"

"Ni mimi, wa wakili Kim. Sema haraka, bosi wako anabadilisha shati."

"Ile mulango haikukuwa inafunga. Nilimuambia mara tatu. Akasema funga na waya, utafika. Bon, nikafunga na waya tangu mwezi wa tatu." Alifungua kiganja. Kulikuwa na kipande cha waya wenye kutu, umekatika katikati. "Hii njo ilibakia ku mulango siku ile."

Theodosia aliupokea kwa mfuko wa plastiki, bila kuugusa. Akaandika juu yake tarehe, saa, na jina la aliyempa.

"Aksanti alisaini karatasi mbele yako?"

"Karatasi gani? Nilitoka Whitehall na karatasi ya mbuzi tu."

"Utasema hivyo kwa jaji?"

Zenoni aliangalia ofisini. "Niko na batoto ine, yaya."

"Charlotte ana mmoja."

Theodosia aliwasha gari.

Sasa alikuwa na hakika ya jambo moja: karatasi ilitengenezwa baada ya ajali. Na aliamini anamjua mwandishi. Nani mwingine ana haja nayo kama si Shem? Akiwa barabarani alimpigia simu Shemasi Ngarambe, ambaye alikuwa tayari Buffalo, nyumbani kwa Charlotte, akiomba naye. Kila Mkongomani wa Louisville na Columbus alimjua Ngarambe. Ndiye aliyewatafutia wageni nyumba, kazi, gari la kubebea mizigo. Theodosia mwenyewe, alipoteremka ndege miaka tisa iliyopita hajui hata neno moja la Kiingereza, fomu zake zote zilijazwa na mkono huo.

"Papa, nakuomba. Mama Aksanti asisaini kitu kabla sijafika. Shem ameghushi ile karatasi."

"Una hakika, binti yangu?"

"Dereva hakuiona. Nakuja na ushahidi."

"Endesha pole pole. Barabara ni mbaya. Mimi niko naye."

Ofisi ya wakili Kim ilikuwa Whitehall, katikati ya kinyozi na duka la vitenge. Theodosia aliingia saa sita kasorobo. Kim alikuwa Mkenya mfupi, mwenye miwani anayoisahau kichwani kisha anaitafuta mezani. Alizitazama picha za komeo, akautazama waya, akaisoma karatasi.

"Huyu kijana alizaliwa mwaka mpya?" aliuliza. "Ana bahati."

"Sisi wote tulizaliwa Januari mosi, Kim. Ukifika kambini huna cheti, ofisi inakuandikia moja ya kwanza. Tazama." Alitoa leseni yake mwenyewe. 01/01. "Nenda kanisani kwetu tarehe hiyo, watu mia mbili wanakata keki moja. Endelea na mambo ya maana."

"Sawa. Jambo la maana ni hili." Kim aliisukuma karatasi kando kwa kidole kimoja. "Hata kama Aksanti aliisaini kweli, haina nguvu wanayoisema."

"Imeandikwa hata kama kosa ni lake mwenye gari."

"Hapo ndipo ilipokufa. Theo, keti. Mwaka 1873, Mahakama Kuu ya Marekani. Kulikuwa na mchuuzi wa ng'ombe, jina lake Lockwood. Alipanda treni ya mizigo na ng'ombe wake. Unajua alitoka wapi?"

"Wapi?"

"Buffalo. Anaenda Albany. Kampuni ya reli ikamsainisha: utasafiri na ng'ombe wako, na lolote likikupata wewe au wao ni lako. Njiani akaumia, kosa la kampuni. Kampuni ikainua karatasi. Majaji wakasema hapana. Mwenye kazi ya kubeba watu na mali za watu hawezi kujivua uzembe wake kwa karatasi. Kwa sababu mwenye mzigo hana uchaguzi. Asiposaini, ng'ombe hawaendi."

"Ng'ombe," alisema Theodosia.

"Ng'ombe."

"Miaka mia na hamsini. Na sisi bado tunapakiwa pamoja na mbuzi."

"Jaji ndiye atakayesema neno la mwisho, na Shem atabisha kwamba yeye si mbebaji wa umma, ni rafiki tu mwenye lori. Lakini hiyo hoja nitaimenya kama ndizi. Kinachonitisha ni karatasi ya pili, ya mama."

"Yeye si Aksanti. Atamsainia vipi mtu mzima?"

"Hawezi kutoa haki ya mwanawe. Lakini anatoa ushahidi. Mama mzazi anaandika: mwanangu alifungua mlango mwenyewe. Komeo, waya, dereva, vyote nitavileta, na wao wataleta neno la mama. Wewe ungekuwa jaji ungemwamini nani?"

Theodosia alikuwa ameshasimama.

"Na kwa nini asaini?" Kim aliuliza. "Wamemwahidi nini?"

"Hawakumwahidi. Wamemtisha. Wamemwambia gari moja lilimgonga mbuzi, kuna watu waliumia, na kwa kuwa Aksanti alisaini kubeba lawama zote, atashtakiwa, atanyang'anywa makaratasi, atarudishwa. Akikubali kwamba ni kosa la mtoto, watamwombea yaishe."

"Uongo mtupu. Nani kamwambia hivyo?"

"Watu wa Shem, nadhani."

Kim alizipapasa nywele, akaikuta miwani. "Usidhani. Uliza. Na endesha."

Kutoka Columbus mpaka Cheektowaga, kitongoji cha Buffalo alikokaa Charlotte, ni saa tano, ukiwa na heri ya barabara. Theodosia alisimama mara moja tu, kilomita chache kabla ya Erie, kwenye bega la barabara. Alama za matairi zilikuwepo bado. Alihesabu hatua kutoka pale alama zilipoanzia mpaka pale nyasi zilipolazwa, akaandika. Kwenye nyasi kulikuwa na kwato moja iliyokauka. Malori yalipita yakilitikisa gari lake, kila moja na mlango wake nyuma, na wewe unayepita nyuma yake hujui ndani kuna mzigo au kuna mtoto wa mtu.

Saa kumi na nusu simu ililia. Ilikuwa Charlotte, anaongea kwa kunong'ona.

"Dada Theo, uko wapi? Papa Ngarambe anasema ni saa kumi na moja, haiko tena kumi na mbili. Anasema tumalize mbele giza haijaingia."

"Giza? Mwezi wa tano huu, jua linazama saa mbili! Mama Aksanti, nisikilize. Niko dakika ishirini. Kalamu usiiguse. Useme unapika."

"Naliisha kupika."

"Pika tena!"

Nyumba ya Charlotte ilikuwa ya mbao, karibu na uwanja wa ndege wa Buffalo, ndege zikipita juu ya paa. Theodosia aliingia bila kubisha. Mezani kulikuwa na Biblia, karatasi mbili na kalamu. Shemasi Ngarambe alikuwa amekaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, suti ya kijivu, viatu amevivua mlangoni kwa heshima. Jikoni sufuria ya ugali ilikuwa inaungua.

"Karibu, binti yangu. Tulikuwa tunakungoja."

"Mlikuwa mnanikimbia, Papa."

"Mama huyu amechoka. Nimemwonea huruma, nikasema tusimcheleweshe."

Charlotte alisimama kati ya jiko na meza, mwiko mkononi. Alikuwa na macho makavu ya mtu aliyemaliza kulia juzi. "Banasema nisiposaini, batamufunga mwanangu na hii mupira yake mu koo. Ni kweli, Dada Theo?"

"Nani amesema?"

Charlotte alimwangalia shemasi.

"Ni sheria ya huku," alisema Ngarambe. "Mimi natafsiri tu."

Theodosia aliketi mbele yake. Aliiweka karatasi ya Whitehall mezani, akaigeuza imwelekee Charlotte. "Mama Aksanti, hii njo wanasema mtoto wako alisaini. Itazame vizuri. Hujui Kizungu, lakini namba unazijua. Kuna kitu humu si cha Aksanti?"

Charlotte aliinama. Kidole chake kilipita juu ya jina, kikapita juu ya anwani. Kikasimama.

"Hii ni nini?"

"Siku ya kuzaliwa."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Haiko siku yake." Sauti ilimpanda. "Moja, moja ni yangu. Ni ya baba yake, alale pema. Sisi njo batu ya moja moja. Lakini Aksanti nilimuzala mu kambi ya Nyarugusu, ku kliniki, na kadi banaandika! Tarehe kumi na ine, mwezi wa munane. Nilishikilia ile kadi mpaka Amerika!"

Alikwenda kabatini, akarudi na mfuko wa plastiki wa hospitali. Akaumwaga mezani: mkanda wa suruali uliokatwa kwa mkasi, funguo, simu iliyopasuka, pochi. Theodosia aliifungua pochi. Leseni ya udereva ya Ohio. 08/14/2003.

Aliitazama kwa muda. Kisha akatoa leseni yake mwenyewe, akaiweka pembeni.

"Nimeisoma karatasi hii mara tatu Louisville," alisema. "Wakili, ambaye si Mkongomani, aliiona mara ya kwanza tu, na mimi nikamcheka. Kwa sababu yangu imeandikwa hivyo hivyo. Jicho langu liliipita kama mlango wa nyumbani." Alimwinulia uso shemasi. "Papa, humu wameweka alama kwamba leseni ilionekana. Aliyeiona leseni hii angeandika Agosti. Kwa hiyo hakuiona. Ilikuwa mfukoni mwa kijana, na kijana alikuwa hospitalini."

"Basi Shem alikosea," alisema Ngarambe.

"Na mimi nilimtaja Shem, siku nzima. Lakini Shem ni Mkenya. Asipojua tarehe ya mtu atauliza, au ataacha wazi. Mzungu ataomba leseni. Kuna mtu mmoja tu ambaye mkono wake haumwulizi Mkongomani alizaliwa lini. Mkono uliojaza fomu mia tano, na kila ukifika kwenye kisanduku hicho unaandika moja, moja, bila kuinua kalamu. Uliandika yangu. Nilikuwa nimekaa mbele yako, namna hii."

"Wengi hujaza fomu."

"Jamaa ya Charlotte ilifikia hapa Buffalo. Fomu zao hukuzijaza wewe. Ndiyo maana hukujua kwamba mtoto ana kadi. Aliimba kwaya kanisani kwako. Saini yake uliitoa wapi? Daftari la kwaya?"

Ngarambe aliigusa Biblia, akauondoa mkono. "Binti, uniangalie vizuri. Ni nani aliyewapokea? Ni nani aliyewatafutia—"

"Daftari la kwaya?"

"Ndiyo."

Mwiko wa Charlotte ulianguka sakafuni.

"Uliandika lini?"

"Jumapili. Baada ya ibada." Sasa aliongea haraka. "Shem alisema bila karatasi lori litakamatwa. Mimi ndiye niliyempa kijana ruhusa apande, pale Whitehall. Mimi ndiye niliyesema, Aksanti, panda, ni saa tano tu. Lori likikamatwa nani atawabebea watu wetu vitu? Nilifikiri karatasi itatuficha sote."

"Mwanangu iko chini ya kisu," Charlotte alisema, "na weye uko unaandika."

"Mama Aksanti—"

"Ulikula ku meza yangu siku kumi! Ulishika mukono yangu ukaomba!"

"Na sikia iliyo mbaya zaidi," Theodosia alisema. Hakupaza sauti, lakini Ngarambe alirudi nyuma kitini. "Karatasi uliyoighushi haifai kitu. Mahakama Kuu ilishaikataa mwaka 1873. Kulikuwa na mtu na ng'ombe zake, hapa hapa Buffalo, wakamsainisha maneno kama hayo, na majaji wakasema uzembe haufichwi kwa karatasi. Kijana huyu sheria ilikuwa upande wake tangu kabla babu yako hajazaliwa. Ungekaa kimya tu, asingepoteza neno. Umemuuza, Papa, na ulichonunua ni hewa."

Ndege ilipita juu ya nyumba. Vikombe vilitetemeka kabatini.

Theodosia alimtumia Kim picha ya leseni na ya karatasi, ubavu kwa ubavu, na maneno mawili: simamisha lori. Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini. Kim alikuwa ameshawapigia polisi wa barabara, na Zenoni naye alikuwa amempigia Kim: funguo za lori ziko mfukoni mwake na Jumamosi haendi mtu.

Ngarambe alianza kuinuka, macho yakitafuta viatu vyake mlangoni.

"Ikala," Charlotte alisema.

Akaketi.

Charlotte alizima jiko. Akaichukua karatasi ya pili, ile iliyokuwa inamngoja yeye, akaigeuza upande mweupe. Akaisukuma mbele ya shemasi, na kalamu juu yake.

"Andika."

"Niandike nini, Mama Aksanti?"

"Yote. Nani alimupandisha. Nani alijua mulango. Nani aliiba jina yake mu kwaya. Kwa mukono yako hii hii, Dada Theo atasoma, na mimi nitasikia." Alivuta kiti, akaketi karibu naye mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. "Na uanze na siku nilimuzala."

Ngarambe alishika kalamu. Aliandika jina la Aksanti. Akafika kwenye tarehe, akaandika sifuri, na mkono ukaanza wenyewe kushusha mstari ulionyooka.

Charlotte alimkamata kifundo cha mkono.

"Mwezi wa munane," alisema. "Futa. Anza tena."